Mchaichai wa Mlango Mmoja naupa alama zote, ile pakiti ya dukani hapana

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mitumbwi ya karabai inarudi alfajiri, kwa hiyo saa tatu usiku natakiwa niwe nimeshalala, na saa hiyo ndiyo jirani anafungulia spika. Ndiyo maana nimejaribu karibu kila kinachouzwa hapa mjini kwa jina la chai ya usingizi.

Ninachonunua hadi leo ni mchaichai wa bibi mmoja anayetandika majani yake pembeni ya soko la Mlango Mmoja. Fungu ni shilingi mia tano, limefungwa kwa kamba ya mgomba, na ukivunja jani moja kiganja kizima kinanukia. Ukimwamkia vizuri anakuongezea kipande cha tangawizi. Mimi nakiweka cha asubuhi, maana tangawizi usiku inanichangamsha.

Maua ya kamomaili nayapata duka la viungo, katikati ya mji. Kopo dogo elfu nane, ghali kweli, ila ni maua mazima, moyo wa njano na vipetali vyeupe. Ukiona vumbi la kahawia tupu, rudisha.

Sasa ile pakiti iliyochorwa mwezi na nyota. Jina silitaji. Nyuma, kwa maandishi ya kusoma na tochi, kitu cha kwanza kilichotajwa ni majani ya chai ya kijani. Chai ya kijani ina kafeini! Nilikesha nikisikiliza mbwa wa Kitangiri wakijibizana.

Nyumbani napika hivi: mchaichai uliokatwakatwa, kama konzi moja, unachemka moto mdogo dakika tano. Natoa sufuria motoni ndipo natia kijiko cha kamomaili, nafunika dakika kumi. Maua ukiyachemsha yanakuwa machungu, na usipofunika harufu yote inaondoka na mvuke. Asali ya Tabora kidogo, basi. Kikombe kimoja, saa nzima kabla ya kulala. Ukinywa jagi utashinda njiani kwenda chooni, na chetu kiko nje.

Kamomaili ni ndugu wa alizeti, kwa hiyo anayepata mzio wa maua ya jamii hiyo aachane nayo. Anayetumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza.

Je, inalaza? Si kama kidonge. Mwili unalegea, mawazo ya madeni yanapungua kelele. Mume wangu anadai kinacholeta usingizi ni kule kukaa kimya na kikombe, si majani. Huyo naye anakunywa chai ya rangi saa tatu usiku na anakoroma, kwa hiyo ushauri wake siufuati.

Mkienda kwa bibi, nendeni asubuhi, jioni majani yameshasinyaa. Mfuko mje nao, yeye hana.