Hoteli ya kifahari Zanzibar na watoto: kabla hujalipa, uliza leo mwezi ngapi

Kabla sijawasalimia, tazameni huku nyuma yangu. Bahari mnaiona? Hamuioni. Mnaona mchanga, dimbwi, mwani, mchanga tena, halafu kule mbali kabisa kuna mstari mweupe. Ule mstari ndiyo mawimbi yanapiga kwenye mwamba. Sasa hivi ni saa nne na robo asubuhi. Na picha niliyoonyeshwa siku nalipia hiki chumba ilikuwa na maji ya feruzi yanagusa ngazi hizi hizi nilizokalia.

Asalaam aleikum wapendwa, hamjambo, karibuni tena. Tupo Unguja, pwani ya mashariki, huku kati ya Paje na Jambiani. Tumekuja familia nzima: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu, na hawa wawili mnaowajua, mkubwa ana miaka 11 na mdogo ana miaka 5. Siku nne kwenye hoteli ya kifahari. Jina silitaji, kwa sababu dukuduku langu nimeshalifikisha kwa meneja uso kwa uso na amenisikiliza, na pia nitakachowaonyesha leo kitakukuta kwenye hoteli yoyote ya upande huu, iwe ya laki moja au ya milioni mbili.

Chumba siwazungushii. Kitanda kikubwa, chandarua, kiyoyozi, maji ya moto, vyote vipo na vinafanya kazi. Mmeshaona vyumba vya kutosha kwenye chaneli hii. Nitasema kimoja tu: tumepewa vyumba viwili vyenye mlango wa kati, na kwa familia yenye bibi na wajukuu huo mlango una thamani kuliko bafu la marumaru. Watoto wamelala na bibi yao siku zote tatu, wanahadithiwa mpaka wanasinzia, na mimi na baba watoto tumekaa kibarazani tumeongea mambo ambayo Dar hatujapata nafasi ya kuyaongea tangu mwaka uanze. Hapo pesa yangu naiona.

Haya, turudi kwenye maji.

Siku ya kwanza tulikuta karatasi ya ratiba mezani. Imeandikwa vizuri, ina rangi: saa nne asubuhi, watoto kuogelea baharini. Nikawavalisha, maboya mikononi, taulo begani, tunashuka ngazi, bahari hakuna. Mdogo akaniuliza, "Mama, bahari imeenda wapi?" Nikakasirika kwelikweli. Nimetoka Dar, nimepanda boti saa mbili nzima, kutoka bandarini Malindi tumekatisha kisiwa, tumepita Jozani watoto wakawaona kima punju wanaruka juu ya barabara, nimelipa, halafu nafika nakuta tope?

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Makunduchi. Alisimama pale juu na kanga yake, akatazama, wala hakushtuka. Akamuuliza mwanawe, "Leo mwezi ngapi?" Baba watoto akatoa simu akamtajia tarehe ya simu. Mama akasema, "Nakuuliza mwezi, baba, sikuulizi tarehe." Kisha akahesabu mwenyewe siku tangu mwezi ulipoandama. "Leo mwezi 13. Bamvua linaingia. Maji yanarudi alasiri, walisheni watoto, walaze, muda ukifika nitawaambia." Na wapendwa wangu, saa tisa na kitu, maji yako hapa ngazini, yametulia, safi, unaona vidole vyako vya miguu.

Sasa shikeni hii, andikeni hata nyuma ya risiti. Bamvua ni siku ambazo bahari inajaa sana na inakupwa sana. Linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu hapo jua, mwezi na dunia vimekaa mstari mmoja na mvuto wao unajumlika. Kwa hiyo ukiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani, tazama mwezi mosi na mwezi 15, na siku mbili tatu za jirani. Katikati yake, kwenye mwezi 7 au 8 na tena mwezi 22 au 23, ni maji mafu: hayajai sana, hayakupwi sana.

Na saa zake hazibahatishi. Huku kwetu Unguja siku za bamvua maji yanakupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na yanajaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu inageuka: asubuhi mida ya saa nne ndiyo yamejaa, alasiri ndiyo yamekupwa. Kila siku yanachelewa, kwa wastani karibu dakika 50. Wavuvi wa hapa hawahitaji programu yoyote ya simu kujua hayo. Ila ile karatasi ya ratiba ina saa nne asubuhi kila siku ya Mungu, mwezi uwe mchanga, uwe mpevu. Hicho ndicho kilichoniudhi. Bahari yenyewe haijanikosea. Kilichoniudhi ni kwamba mtu anauza bahari hajaweka hata ubao mapokezi wa kusema leo maji yanajaa saa ngapi. Ubao na chaki. Nimemwambia meneja hivyo hivyo.

Ngojeni nikate hapa, tuonane mchana, kuna kitu nataka mkione kwa macho.

Nimerudi. Saa sita na dakika 20. Nimetembea hatua 300 kutoka ngazini, mkubwa amehesabu kwa sauti. Hapa amechomeka fimbo. Maji yako wapi? Nyayoni tu, yamefunika vidole. Nimevaa yeboyebo, na watoto pia, na wewe usije huku peku, maana kwenye mawe kuna wale wanyama wa miba mirefu myeusi, mwiba ukiingia unakatikia ndani na likizo yako imeishia hapo. Sasa nasimama, sisogei.

Wakati tunasubiri, taarifa fupi ya chaneli. Kuanzia mwezi ujao video mpya zitakuwa Jumamosi asubuhi badala ya Alhamisi usiku, kwa sababu wengi mmeniandikia kuwa Alhamisi mnachoka, mnalala katikati. Na mnaolalamikia sauti, leo nimefunga manyoya kwenye maiki maana kusi linavuma. Vijana wa kaiti, wale wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, wanafurahi na huu upepo, Paje ndiko kwao, ila mtoto mdogo ukimkalisha ufukweni mchana mchanga unampiga machoni. Mnaokuja mwezi wa sita mpaka wa nane, mleteeni kofia na kitu cha mikono mirefu.

Saa sita na dakika 40. Tazameni fimbo. Tazameni mguu wangu. Katikati ya muundi. Dakika 20 tu, na mnaona hakuna wimbi, hakuna kelele, hakuna kilichokuonya. Ungekuwa unaokota makombe umeinama usingejua. Nasubiri tena.

Saa saba kamili. Yamepita goti langu. Sasa mkubwa, simama hapa kando yangu. Kwake yako mapajani. Mdogo yuko ngazini na bibi yake, simleti huku, ila nimeshampima: hapa yangemfika kiunoni. Na kati ya hapa nilipo na ngazi kuna bonde, lile pale lenye maji ya kijani zaidi, tulipokuja lilikuwa na maji ya kisigino. Sasa hivi lina kina kuliko hapa nilipo. Mnaelewa ninachosema? Maji hayaji mbele yako tu, yanaingia na nyuma yako. Kwa hiyo ukitoka kutembea mwambani na watoto, tembeeni wakati maji bado yanakupwa. Yakishageuka, mnarudi, hata kama mtoto analia kwamba hajamaliza. Mkubwa, twende, tunarudi.

Lakini sasa niwaambie ukweli, maana siku ya kwanza nilikuwa na hasira na hasira zimeniisha. Jana asubuhi badala ya kununa tulishuka wote kule maji yalikokimbia. Kwenye madimbwi kuna kiti cha pweza, yule mnyama wa nyota, mwekundu hivi. Mdogo amekaa anamtazama nusu saa, hajaomba simu hata mara moja. Kuna kaa wadogo, kuna samaki kama ukucha wamenaswa wanasubiri maji. Tumekuta kina mama wa mwani wako kazini, wamekaa kwenye maji ya chini ya goti, vigingi vimepangwa mistari, kamba kati ya kigingi na kigingi, na kila baada ya kiganja kimoja wamefunga tawi la mwani. Mmoja alimpa mkubwa wangu kamba ajaribu kufunga. Fundo la kwanza likafunguka, la pili likafunguka, la tatu yule mama akamshika vidole, akamwonyesha: zungusha, pitisha, vuta kidogo, usikaze sana mwani utakatika. Likashika. Kwa hawa kina mama bamvua ndiyo siku ya kazi, maji yakikimbia ndiyo mashamba yanaonekana. Wenye kutafuta pweza nao hivyo hivyo, siku zao ni hizi hizi.

Sasa hilo hoteli wangeliandika kwenye ratiba, saa nne asubuhi, kutembea madimbwini na mtu wa kijiji anayeyajua, alipwe vizuri, nani angelalamika? Na mkitoka geti la hoteli kwenda kijijini, dada zangu, jifungeni kanga. Ni makazi ya watu.

Wengi mtaniuliza Nungwi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayakimbii mbali namna hii, unaogelea karibu saa yoyote. Kama watoto wako wanataka maji tu kutwa nzima na huna muda wa kuhesabu mwezi, nenda kaskazini, sitakudanganya. Ila Kendwa kuna muziki wa usiku, na mama mkwe wangu na muziki wa usiku ni vitu viwili. Mimi nilikuwa nimeshaamua mwakani tunaenda Nungwi. Jana usiku nimebadilisha. Leo mchana nimerudi tena katikati, kwa sababu ya yule mdogo, angeogelea zaidi kule. Tutaona.

Chakula. Asubuhi kuna bafe kubwa, mayai, soseji, mikate ya kizungu ya kila aina, lakini pembeni kuna mpishi mmoja na kikaango chake anachoma mkate wa ufuta palepale unaangalia. Foleni yote iko kwake. Usiku kulikuwa na pweza wa nazi laini kabisa, mama mkwe alikula akanyamaza, na akinyamaza ujue kimepita. Mchana ndiko wanakokukamata. Bei tuliyolipia ni ya kifungua kinywa na chakula cha usiku, mchana unajilipia, na piza ya mtoto ni elfu 45. Siku ya pili tukatembea ufukweni mpaka kijijini, tukala wali na samaki wa kukaanga watu watano, tukashiba, kwa pesa isiyofika piza mbili.

Vyumba vyote viwili ni laki nane kwa usiku, na hiyo ni bei ya Mtanzania, ukionyesha kitambulisho cha taifa. Mtandaoni utakuta bei ya dola, ni kubwa zaidi. Usilipie mtandaoni, piga simu, uliza bei ya mkaazi, waambie wakutumie kwa maandishi. Na mlio na ndugu wanaokuja kutoka Maskati au Ulaya kwa pasipoti ya kigeni, wakumbusheni bima ya safari ya Zanzibar, ni dola 44 kwa mtu mzima, ilianza Oktoba 2024. Ukipiga hiyo simu ya hoteli uliza na bwawa: mimi niliuliza kama naruhusiwa kuogelea na vazi langu la stara, wakasema karibu, na kweli sijasumbuliwa na mtu.

Halafu maliza na swali la mwisho. Siku ninazokuja, mwezi utakuwa ngapi? Kama unataka watoto waogelee asubuhi, chukua siku za maji mafu. Kama mnapenda kulala asubuhi na kuogelea alasiri, chukua bamvua, mtatembea madimbwini bure kabla ya chakula cha mchana.

Sasa ni saa kumi na dakika 5. Geuza kamera, baba watoto. Ngazi ya kwanza imezama, ya pili imezama, hii ya tatu inalambwa. Ile fimbo yetu haionekani tena, pale ilipokuwa kunapita ngalawa. Mdogo ameshavaa maboya yake, amesimama ananiita mara ya nne sasa. Nakuja, mwanangu, nakuja. Zima hiyo kamera.