Ubao wa tezi safi, ukaharibiwa na matundu manne ya bolti

Hasira yangu yote iko kwenye matundu manne. Kazi nyingine za gereji hii ya boti hapa Dar zilikuwa nzuri, na ndiyo maana inauma.

Boti ni ya faiba, ya zamani, futi 19. Ukishika mguu wa mashine ukautikisa, ukuta wa nyuma inapofungwa mashine, yaani tezi, ulicheza nao. Ukiugonga kwa nyundo, mlio unazama. Keekee ya milimita 6 kutokea ndani ikatoa unga mweusi, umelowa. Ikifika hapo hakuna kiraka, mbao yote iliyo katikati ya ngozi mbili za faiba inatolewa.

Walikata ngozi ya ndani, wakaacha ya nje na ukingo wa sentimita 5, wakakwangua mpaka faiba kavu. Plaiwudi ya marini mbili za milimita 18 wakazigundisha kwa resini na mati (shuka la nyuzi za faiba) katikati, zikabanwa kwa jiriwa hadi zikashikana. Pembe walizijaza mviringo ili mati isikunjike na kubaki na hewa, na kila safu ikapanda ubavuni kuizidi iliyotangulia. Hadina, dawa ya kugandisha resini, walipima kwa bomba la sindano. Kwa joto letu ukizidisha, resini inachemka kwenye kopo na baadaye inapasuka. Mikono ya mafundi wale kwenye faiba naisifu.

Hata ushauri wa mashine ulikuwa sahihi: Yamaha Enduro 40 ya kuchanganya oili na petroli, kwa sababu mashine ya foo-stroki, isiyochanganywa oili, ni nzito zaidi, na spea za Enduro zinapatikana kwa urahisi pwani. Tezi ina kimo cha inchi 20, wakachagua shafti ndefu. Bamba la juu ya propela likakaa sawa na chini ya boti. Likiwa juu mno, propela inameza hewa kwenye kona, mashine inalia na boti haisogei.

Kisha wakatoboa matundu ya bolti, wakapaka silikoni ya madirisha, wakakaza. Basi!

Mbao haikuoza mara ya kwanza kwa uzee. Iliozeshwa na maji yaliyopita kwenye matundu kama hayo. Bolti ya milimita 12 inatobolewa tundu la 18, linajazwa epoksi iliyokazwa kwa unga wake, inaachwa ikauke siku nzima, ndipo linatobolewa tena katikati kwa saizi ya bolti. Bolti inapita ndani ya epoksi, haigusi mbao kabisa. Kopo dogo na siku moja, baada ya wiki nzima ya jasho!

Nilipouliza, msimamizi hata hakugeuka. "Bosi, boti zote tunafunga hivyo. Ukitaka ya kizungu nenda Ulaya."

Nilikusudia kuandika: nendeni kwa faiba, mashine fungeni kwingine. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu. Halafu juzi, masika hata hayajaisha, nikafungua bolti ya chini kulia. Yakachuruzika maji rangi ya chai. Nikaingiza bisibisi kwenye tundu, ikazama bila kusukumwa.

Nyota tatu nazifuta. Faiba nzuri juu ya mbao inayolowa haina kazi, na ile niliyoisifu hapo juu sasa inakatwa upya.