NUMERIC ya PostgreSQL: hesabu sahihi, ila kuna gharama

Kwa safu ya pesa katika hifadhidata ya PostgreSQL, NUMERIC, aina ya data ya namba za desimali sahihi, inastahili kuchaguliwa kabla ya nyingine zote. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwa double precision (aina ya baiti 8 inayohifadhi desimali kwa makadirio), utapewa 0.30000000000000004. NUMERIC inakupa 0.3, basi.

Gharama yake ni kasi. Prosesa haina amri za kuikokotoa moja kwa moja, kazi yote inafanywa na programu, kwa hiyo SUM (kujumlisha) ya mamilioni ya safumlalo huenda polepole kuliko kwa BIGINT, aina ya namba kamili. Nafasi si tatizo kubwa: kila tarakimu nne huchukua baiti 2, pamoja na baiti 3 hadi 8 za ziada. Wengi huogopa kuandika NUMERIC(20,2), yaani tarakimu 20 kwa jumla, 2 zikiwa baada ya nukta, badala ya NUMERIC(10,2) bila sababu. Thamani ileile huchukua nafasi ileile, maana sifuri za mbele hazihifadhiwi.

Panapouma ni kwenye kukadiria, yaani kupunguza desimali hadi thamani ya karibu. Ingiza 19.755 katika NUMERIC(12,2), itahifadhiwa 19.76 bila onyo lolote. Kosa hutolewa tu tarakimu zikizidi kumi kabla ya nukta. Tena round(2.5) kwa NUMERIC ni 3, lakini kwa double precision kwa kawaida ni 2, na hapo ndipo ripoti mbili za data ileile hukataa kulingana. Kugawanya nako hakuna miujiza: 1 kwa 3 hukatwa kwenye tarakimu ya 20, na ukizidisha tena kwa 3 unabaki na 0.99999999999999999999. Gawanya mwishoni, ukadirie mara moja.

Kwenye hifadhidata nyingine, DECIMAL ya MySQL ni nzuri pia, hadi tarakimu 65, lakini ukiiandika bila mabano inakuwa DECIMAL(10,0) na senti zako zote zinapotea. SQLite ndiyo ya kuepuka kwa kazi hii: inakubali maneno DECIMAL(10,2), kisha inahifadhi 19.75 kama namba ya baiti 8 ya aina ileile ya double precision. Huko weka senti kwenye INTEGER (namba kamili).

Amua nafasi za desimali mapema. Kutoka (12,2) kwenda (14,2), ALTER TABLE ya PostgreSQL (amri ya kubadilisha jedwali) haigusi data. Kwenda (14,4), jedwali zima huandikwa upya likiwa limefungwa, na wasomaji wote husubiri.