Kumfundisha mtoto vitenzi vinavyoanza na herufi R: kadi za picha au kuigiza?

Kwa gharama, kuigiza kunashinda: unahitaji nafasi tu. Kadi zinataka karatasi, rangi na muda, na kingo zake huchakaa upesi mikononi mwa watoto.

Kwenye maana ndipo penye tofauti kubwa. Mwonyeshe mtoto picha ya mtu anayerusha mpira, umuulize anaona nini, atajibu "mpira!" Picha humvuta kwenye kitu, si kwenye tendo. Na "rudi" utaichoraje? Ukisema "Ruka! Rusha! Rudi!" naye akafuata, neno linamwingia mwilini. Amri pia huiweka R mbele. Ukimfundisha "kuruka", sauti ya kwanza anayoisikia ni K. Nalisisitiza hili, maana huwachanganya wengi.

Lakini kuigiza hakumwonyeshi herufi yenyewe. Hapo kadi yenye neno "ramba", R yake imekolezwa rangi, haina mpinzani, na mtoto anaweza kuirudia peke yake.

Una watoto wengi katika chumba kidogo, au mmoja mwenye haya? Anza na kadi. Wana miaka 3 au 4 na hawatulii? Waache waruke kwanza. Kadi zije wakishaanza kutambua herufi.