Sali ya Play ya Kamalondo: hapa sauti yangu ina mwenyewe

Mimi ni mtangazaji wa mechi za Play, yaani mpira wa PlayStation unaochezwa kwenye televisheni ndani ya sali, ukumbi wa kulipia. Wenzangu wakishika maneti, vile vifaa vya mkononi vya kuchezea, mimi nashika mikro, natangaza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi na mechi inaenda moja kwa moja mtandaoni. Mwaka jana, katika sali nyingine ya mji huu, fainali ilikatika dakika ya 70. Mwenye sali alikuwa amefungulia muziki nyuma yangu, mtandao ukautambua wimbo, ukazima picha. Wiki mbili baadaye nikasikia sauti yangu ikisifu duka la simu: walikuwa wamekata kipande cha utangazaji wangu wakakitumia bila kuniuliza. Iliniuma, na hadi leo inaniuma.

Ndiyo sababu naisifu sali hii ya Kamalondo, hatua chache toka uwanja wa TP Mazembe. Vitu vyake ni vya kawaida: televisheni nane, mechi franka 1,500, kuingia mashindano ya Jumamosi dola 5. Maneti mbili zinavuta kushoto zenyewe, muombe nyingine mapema. Feni ni moja, joto kali. SNEL, kampuni ya umeme, ikikata, jenereta inawashwa mara moja.

Nilichokipendea ni karatasi zake na anavyoheshimu vitu vya wenyewe. Mwenye sali, tunamwita Yaya, yaani mkubwa wetu, haandiki FIFA kwenye afishi, kwa kuwa EA, kampuni inayoutengeneza mchezo huo wa mpira, ilitengana na shirikisho la FIFA, na tangu 2023 mchezo wake unaitwa EA Sports FC. Mamba, alama ya Mazembe, naye kamtoa kwenye afishi, ingawa tuko mlangoni pa klabu. Muziki hapigi kabisa wakati wa matangazo. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinijibu: "Mdogo wangu, mpira hauna mwenyewe. Ukisimamisha magoli pale mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, umeshaandaa mashindano. Mchezo wa Play una mwenyewe, na anaweza kukufungia."

Akanisimulia ya Korea Kusini. StarCraft, mchezo wa vita wa kompyuta wa mwaka 1998, ulikuwa unaonyeshwa kule kwenye televisheni kama ligi kamili. Mwaka 2007 chama chao cha michezo hiyo, KeSPA, kikauza haki za matangazo. Blizzard, waliotengeneza mchezo, wakasema haki hizo si za chama kuuza. Mwaka 2010 ugomvi ukafika mahakamani, na 2011 ndipo wakapatana. Nintendo nayo, kampuni ya michezo ya Japani, katika mwongozo wake wa 2023, iliruhusu mashindano madogo bila leseni, mwisho wachezaji 200 ukumbini au 300 mtandaoni, bila wadhamini. Basi kila mchezo anaouleta, Yaya anasoma kwanza masharti ya wenyewe, maana kila kampuni ina yake. Sheria yetu ya haki za waandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na PlayStation ya kwanza ilitoka Japani miaka minane baadaye, mwaka 1994. Kwa hiyo mambo mengi yanaamuliwa na yale masharti tunayoyabonyeza "nakubali" bila kuyasoma.

Mimi pia nilipewa karatasi, ukurasa mmoja, Kifaransa upande huu na Kiswahili upande ule. Utangazaji ni wangu. Sali inaweza kuuonyesha pamoja na mechi zake. Ukitakiwa kwenye tangazo la biashara, naulizwa na nalipwa. Tulitia sahihi sote wawili, nakala yangu iko nyumbani ndani ya Biblia ya mama. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi hii kuona mtu anaihesabu sauti yangu kuwa kitu chenye mwenyewe.

Kasoro kubwa ni wachezaji. Jina analochezea kijana, uso wake unaorekodiwa akifunga goli, hayo karatasi haiyataji popote. Nilimwambia Yaya waziwazi, akaichukua kalamu palepale akaanza kuandika. Jumamosi saa nane mchana nitakuwepo kuangalia kama imekamilika.