Kituo cha mkono kwa mkono: mchana nyota nne, usiku mbili

Huwa nasindikiza manusura wa ukatili wa kijinsia kwenye kituo cha aina hii katika hospitali moja ya wilaya, Tanzania Bara. Daktari, polisi wa dawati la jinsia na watoto, na afisa ustawi wa jamii wanakaa jengo moja. Mtu anaeleza yaliyompata mara moja, na PF3, fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu majeraha, inajazwa hapo hapo. Mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza, fomu baadaye. Usipange foleni ya wagonjwa wa nje (OPD): mwambie nesi wa mapokezi umekuja mkono kwa mkono, basi. Hahitaji kukuhoji mbele za watu.

Angalia saa. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ndani ya saa 120. Usioge wala usifue nguo. Zitie kwenye bahasha ya khaki, maana mfuko wa nailoni unatunza unyevu, ukungu unaingia, na ushahidi unaharibika. Umeshaoga? Nenda hivyo hivyo.

PF3 ikaguliwe kabla hujatoka kwa daktari. Jeraha liko wapi, lina ukubwa gani? "Ameumia" peke yake haisaidii kitu mahakamani. Jina la daktari lisomeke, sahihi na muhuri viwepo. Toa kopi.

Usiku na wikiendi ndipo ninapokasirika. Afisa ustawi hayupo. Daktari anatoa dawa za siku chache na kusema njoo Jumatatu. PEP ni siku 28 bila kuruka, kichefuchefu cha mwanzoni kinakatisha tamaa, na asiyepigiwa simu huacha. Mtoto naye anatibiwa vizuri, kisha anarudi nyumba ile ile anayolala mtuhumiwa, kwa kuwa hakuna wa kumtafutia nyumba salama. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Halafu fomu ya rufaa, ile ya kumpeleka mteja kwenye huduma nyingine. Kipande cha chini kinatakiwa kurudi kituoni kuthibitisha kwamba mteja amepokelewa. Hakirudi, maana hakuna aliyekabidhiwa kukifuatilia: hospitali inaona mgonjwa katoka, ustawi wanasubiri aje mwenyewe. Mwombe afisa apige simu ukiwa umekaa mbele yake, aandike kwenye fomu jina la atakayempokea, siku na saa.