Mafuta ya karafuu ya kuua bakteria jikoni: nunua yanayozama

Mwezi uliopita nilitoa Sh 15,000 Kariakoo kwa kichupa cha mililita 10 kilichoandikwa "karafuu asilia 100%". Nilitaka ya kusugulia kibao cha kukatia nyama. Nyumbani nikadondosha tone kwenye glasi ya maji, likaelea.

Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama mpaka chini. Uzito huo ni wa eujenoli, kemikali kuu ya karafuu, na eujenoli ndiyo inayoharibu utando wa bakteria. Kwa hiyo mafuta yanayoelea huenda yametiwa kitu chepesi, kama mafuta ya kula, na kilichopunguzwa ni ile dawa yenyewe. Wasomaji mnaniuliza habari za harufu. Harufu haithibitishi kitu, maana karafuu kidogo tu hunukisha alizeti nyingi. Omba glasi ya maji palepale dukani. Muuzaji akigoma, ondoka.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi mapenzi yangu, ni mafuta ya makonyo ya ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar, kutoka kiwandani Wawi, Pemba. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na mafuta yake huwa na eujenoli zaidi ya asilimia 80.

La pili ni mchaichai, wenye sitrali, kemikali inayoupa harufu ya limau. Huu huelea hata ukiwa safi, basi upime kwa karatasi nyeupe: tone likikauka na kuacha doa la mafuta, umepigwa. Tii trii, mafuta ya majani ya mti wa Australia, naiweka ya tatu. Ni nzuri, ila ikipigwa na hewa huharibika. Mkaratusi ni wa bei rahisi, lakini kwa bakteria ni dhaifu.

Michanganyiko iliyo tayari siinunui. Maabara zimeona karafuu na mdalasini zikisaidiana dhidi ya baadhi ya bakteria, lakini si kila jozi hupatana, na lebo hazitaji vipimo. Nunua kila moja peke yake, uchanganye mwenyewe kwenye sabuni ya maji, kwa kuwa mafuta hayashikani na maji matupu. Usipake ngozini bila kuyapunguza, na yafungie mbali na watoto; eujenoli ikinywewa hudhuru ini.

Niliporudisha kichupa changu, muuzaji alisema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Sasa bila kukifungua ningejuaje?